Digidigi wa Chupa Mpya

Ikungi, Singida
Jumapili jioni

Kaka yangu Otmari,

Shikamoo kaka. Pole na shamba, pole na baridi ya huko Mbinga, na pole na huo mguu, ambao kwenye simu unasema umepona lakini wifi kaniambia usiku unaukanda kwa maji ya moto. Mimi sijambo, ni kifua tu, maana upepo wa huku mwezi huu unabeba vumbi na kulimwaga ndani ya kila sufuria. Mgahawa unakwenda. Wanaoshuka kwenye mabasi bado wanaulizia kuku wa kienyeji, na mimi bado nawachinja.

Nimeamua kukuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu hunisikilizi. Nikisema neno moja unauliza maswali matatu, salio linakwisha, halafu unamwambia wifi kwamba Gaudensia kaficha jambo. Sijaficha kitu. Najua Severini kashakupigia na kukupa ya kwake, na najua kayapunguza, maana mwanao akieleza jambo baya analikata pande zote mpaka libaki dogo. Sasa kaa chini usome. Unataka kujua kama tumepata mke au tumekosa. Utajua, ila usirukie ukurasa wa mwisho.

Unakumbuka ulivyoniagiza. Ulisema hutapanda basi kuja mpaka huku kwa watu usiowajua, nisimame mimi shangazi mtu badala yako, tena niwachunguze kwanza. Ukauliza kama kuna ugonjwa kwenye ukoo, kama kweli ni Wakatoliki au wanajisingizia, na kwa nini binti mzuri namna hiyo hajaolewa mpaka leo. Nikachunguza. Nilikaa na mafundi, nikakaa na mama wa vitunguu, nikamuuliza mpaka katekista. Sikupata la kusema juu ya Agnesi, na hilo lenyewe likanitia wasiwasi.

Basi Mzee Hamisi, mshenga wetu, alipotoka Mungaa na majibu ya posa, alikuja na mambo ya kawaida ya wakwe: ng'ombe, mbuzi, blanketi, shuka. Na jambo moja mwishoni. Bibi yake Agnesi, anayeitwa Bibi Magreti, anataka Digidigi zake.

Huko kwenu haifiki, ngoja nikueleze. Digidigi ni soda ya tangawizi, kali, ukiinywa inapanda puani. Miaka yote imekuwa kwenye chupa fupi nene ya kahawia, na ubavuni kuna mchoro mweupe wa digidigi amesimama anatazama kushoto. Huyo bibi ndiye mama yake Mzee Ntandu, baba wa binti, na ndiye aliyemlea Agnesi tangu akiwa mgongoni. Kila Jumapili akitoka Misa anaketi kwenye benchi la duka lililoungana na nyumba yao, anafunguliwa Digidigi moja mbele yake, anaishika kwa mikono miwili na kuinywa taratibu mpaka mwisho. Hataki glasi, wala hataki soda nyingine. Macho yake yana mtoto wa jicho, hivyo chupa anaijua kwa vidole.

"Mama, hayo ya ng'ombe yanaongeleka," Mzee Hamisi akaniambia. "Hiyo soda usiifanyie mchezo. Yule bibi akinuna, Mzee Ntandu hafungui mdomo."

Nikachukua kreti yangu ya chupa tupu, ile ninayoitunza chini ya kitanda tangu marehemu mume wangu yu hai, nikaenda nayo kwa Mama Sauda wa duka la vinywaji. Hata hakuitazama. Akaingia ndani, akatoka na katoni imefungwa nailoni, akaitua mbele yangu.

"Hii nini?" nikauliza.

"Digidigi."

"Digidigi gani hii, Mama Sauda?"

"Shoga yangu, kiwanda kimebadilisha chupa. Za vioo hakuna tena."

"Nani kasema?"

"Gari la kiwanda lenyewe ndilo limeleta."

"Gari mtu yeyote anaweza kulipaka rangi."

Akacheka, akaniambia hizo chupa zangu tupu nitie mafuta ya alizeti. Mimi sikucheka. Kaka, ungeiona hiyo chupa. Ya plastiki, ndefu, imebanwa katikati kama mtu aliyefunga mkanda. Imevishwa karatasi ya zambarau, na digidigi mwenyewe kasogezwa huko juu karibu na kifuniko, mdogo kama kidole. Sasa anatazama kulia. Na anacheka! Nimeishi huku karibu na vichaka vya digidigi miaka mingi, sijaona hata mmoja anayecheka.

Usiniambie nina roho ya kushuku. Mwaka juzi nilinunua mbegu za alizeti kwenye pakiti mpya inayong'aa, muuzaji akaapa kwamba kampuni ni ile ile, imebadilisha nguo tu. Nikapanda. Zikaota moja hapa moja kule kama nywele za mtoto mchanga, majirani wakavuna mimi nawatazama. Tangu hapo kitu kikibadilisha sura, mimi nakaa nacho mbali kwanza.

Lakini siku ya kwenda kwa wakwe ilikuwa imekaribia na soda nyingine haipatikani. Nikaichukua ile katoni. Nikanunua na chache za kuuza mgahawani, nione watu watasemaje. Wakasema! Mmoja akasema gesi imepungua. Mwingine akasema kiwanda kimeuzwa kwa wageni. Chande, fundi pikipiki, ambaye sijawahi kumwona anakula chapati bila Digidigi, akanywa funda moja, akakunja uso.

"Mama, hii ni sabuni."

Nikafanya ujanja. Kesho yake nikamimina soda ya chupa mpya ndani ya chupa ya zamani ya kahawia, huko jikoni, nikampelekea. Akanywa yote. Akafuta mdomo, akasema, "Eeh, hii ndiyo yenyewe. Umeipata wapi?"

Nikamwambia ukweli. Alinitazama kama mtu aliyeibiwa, akaondoka, na siku kadhaa akawa anakula kwa jirani. Mwingine angetulia hapo, aone kwamba soda ni ile ile na kilichobadilika ni chupa tu. Mimi nikaona vingine. Nikasema, kama Chande mwenye ulimi mzoefu amedanganyika kirahisi hivi, mimi ni nani nisidanganyike? Huenda moja ni nzima na kumi ni takataka. Wauza vitunguu si ndivyo wanavyopanga gunia, vikubwa juu, vidogo chini?

Basi siku moja kabla ya safari, mchana mgahawa ukiwa umepoa, nikaipasua ile nailoni. Nikazungusha kifuniko cha kwanza, kikalia krii, gesi ikatoka. Nikanusa, nikaonja kidogo, nikaona ni tangawizi. Nikafunga. Nikachukua ya pili. Kaka, nilifungua katoni nzima. Moja baada ya moja, nanusa, nafunga kwa nguvu zangu zote. Nilipomaliza moyo ulitulia. Nilijiona mtu makini sana, nikasema huyo bibi hatapata mkwe mwingine wa kumjali kiasi hiki. Mimi ni mtu wa chupa za vizibo vya bati. Vifuniko vya plastiki nilivijua kwenye madumu ya maji, unafungua, unafunga, hakuna anayekuuliza.

Tukaenda Mungaa kwa gari la kukodi. Mzee Hamisi, wazee wawili wa jumuiya yetu, mimi, na Severini ambaye tulimwambia akae kwenye kona asiseme kitu. Tulipokewa vizuri. Shikamoo zikaenda kwa wakubwa, marahaba zikarudi, tukala, na habari za ng'ombe zikaisha bila mtu kupandisha sauti. Agnesi alipita mara moja na maji ya kunawa, macho chini, na nikaona mwanao anasahau hata kunawa. Nilifurahi, sikufichi.

Mzee Ntandu akasema, "Mama apewe chake kwanza, ndipo tutie neno la mwisho."

Nikainuka mwenyewe. Nikapiga magoti, nikamwekea bibi chupa mikononi. Akaanza kuipapasa kutoka chini. Alipofika pale katikati vidole vikasimama.

"Hii nini?"

"Digidigi, bibi."

"Digidigi gani ana kiuno?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nikamweleza kwamba kiwanda kimebadilisha chupa.

"Nani kasema?" akauliza.

Ni maneno yale yale niliyomwambia Mama Sauda, tena kwa sauti ile ile.

Danieli, kaka yake Agnesi, akaichukua amfungulie bibi yake. Akazungusha. Kifuniko kikazunguka kimya, hakikulia. Akakigeuza, akatazama kile kipete cha plastiki kinachobaki shingoni mwa chupa, akaona kimeshakatika. Akaiweka chini. Akachukua ya pili, nayo ikazunguka kimya. Akatoa nyingine ya chini kabisa kwenye katoni. Kicheko kikaisha chumba kizima.

Wewe unajua, hata kwetu mgeni hapewi soda iliyofunguliwa jikoni. Inaletwa imezibwa, inafunguliwa mbele ya macho yake, anasikia mlio, ndipo anaweka mdomo. Huku ni hivyo hivyo, na kwa mtu mzee ni zaidi. Anayekuletea iliyokwisha kufunguliwa ametia kitu. Na mimi nilikuwa nimemletea bibi wa watu katoni nzima.

"Mzee Hamisi," akasema Mzee Ntandu polepole, "tumekupokea vibaya?"

"Mmetupokea vizuri sana, mzee mwenzangu."

"Tumekosana mahali?"

"Hatujakosana."

"Sasa mbona mnamletea mama yangu chupa zilizokwisha kufunguliwa?"

Mzee Hamisi hakuwa na habari. Akanigeukia mimi. Wao wakaanza kuongea Kinyaturu chao, haraka haraka, na mimi ambaye Kinyaturu changu ni cha salamu na cha sokoni sikuambulia kitu, ila niliona wananitazama mimi, siyo mshenga. Mgeni, mtu wa kuja, mwanamke anayepika. Nilijua wanawaza nini, kwa sababu ningekuwa mimi ningewaza hivyo hivyo. Mzee Ntandu akatuomba tuwapishe kidogo.

Tukakaa nje karibu na zizi. Severini akaniambia kwa sauti ya chini, "Shangazi, umefanya nini?" Nilitaka kusema ni Mama Sauda, ndiye aliyeniuzia. Neno lilishafika kwenye ulimi na wote wangeliamini. Kabla sijalitoa Danieli akaja. Akasema baba yake anasema tubebe vitu vyetu, watatuma neno.

Unajua maana ya watatuma neno. Severini alisimama, akajipangusa vumbi kwenye suruali, akaelekea kwenye gari. Niliona uso wake, kaka. Ulikuwa uso ule wa siku tuliyomzika bibi yake, mama yetu. Hapo niliogopa kweli. Mtoto wa watu anakosa mke kwa sababu ya mikono yangu.

Nikarudi ndani bila kuitwa. Nikapiga magoti mbele ya bibi.

"Bibi, ni mimi. Nimezifungua zote kwa mkono wangu."

"Kwa nini?"

"Sikuiamini chupa. Nilidhani nimeuziwa feki. Nilitaka nihakikishe kabla sijakuletea."

Nikachukua moja nikainywa palepale. Nikachukua na nyingine. Gesi ikanijaa, nikacheua kwa sauti mpaka kuku waliokuwa mlangoni wakakimbia. Watu wakaficha midomo. Bibi hakucheka.

"Kwa hiyo umeniletea kitu ambacho wewe mwenyewe hukukiamini."

"Niliamini baada ya kukinusa, bibi."

"Na huyo kijana, umemnusa?"

"Huyo nakaa naye nyumba moja," nikasema. "Nimemchunguza kuliko soda. Nimepekua hata simu yake, sikukuta kitu."

Severini alikuwa amerudi, amesimama mlangoni. Hilo la simu hakuwa analijua. Utamsikia akikulalamikia, mwambie shangazi yake hajutii.

"Baba yake yuko wapi?" bibi akauliza.

Nikasema yuko mbali, ana mguu, ana kahawa.

"Chupa imekuja mpya, mwenye kiwanda hayupo kutuambia kaigeuza kwa nini. Kijana kaja, mwenye kijana hayupo. Mnataka mimi nimeze vyote kwa kuambiwa tu?"

Mzee Ntandu akafunga maneno. Habari ya ng'ombe isitajwe tena mpaka mama yake aridhike na soda. Akiinywa kwa hiari yake, tutaongea. Akiikataa, tumefahamiana, kila mtu na njia yake. Wengine wangeona ni mchezo. Mimi nilimwona bibi anavyoishika ile chupa, nikajua siyo mchezo. Kitu alichokijua kwa vidole miaka yote kimebadilishwa bila mtu kumuuliza, na sasa mjukuu wake naye anataka kuondoka.

Basi kila Jumapili baada ya Misa tunakwenda Mungaa, mimi na Severini, na chupa moja ambayo sijaigusa. Yeye ndiye anayeifungua mbele ya bibi. Jumapili ya kwanza bibi alitega sikio, akasikia krii, akanusa, akaimwaga chini. Iliyofuata akamwambia Severini anywe yeye kwanza, kisha akakaa anamsubiri aone kama ataanguka. Halafu ikaja ile aliyolowesha midomo tu, akasema hii imelala, mwenzake wa zamani alikuwa anauma. Agnesi anasimama mlangoni muda wote, ameng'ata ncha ya kitenge. Siku moja alinisindikiza mpaka barabarani, akaniambia, "Shangazi, msichoke." Nikaona aibu ya yale maswali yote niliyouliza juu yake.

Huku Ikungi wengine wameanza kuzoea. Chande amerudi. Anaibandua ile karatasi ya zambarau kwanza, anaikunja, anaitupa, ndipo anakunywa, anasema ikiwa uchi ni tamu zaidi. Mimi bado naiangalia kwa jicho moja. Nikiuza namwambia mteja, fungua mwenyewe.

Sasa leo. Bibi alikuwa kwenye benchi lake. Severini akafungua, krii, akampa. Bibi hakuipeleka puani.

"Wananiambia digidigi amegeuka," akasema. "Ni kweli?"

Nilimkonyeza Severini amfiche, maana bibi haoni. Hakunitazama.

"Ni kweli, bibi. Anatazama kulia. Na anacheka."

"Anacheka nini?"

"Sijui, bibi. Hata mimi sikumpenda."

Bibi akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaishika kwa mikono miwili, akanywa. Akapumzika, akanywa tena. Watu waliotoka Misa wakasimama pale dukani hawaondoki. Akainywa mpaka mwisho, akaitikisa, akahisi jinsi ilivyo nyepesi, akasonya.

"Hii siyo Digidigi," akasema. "Lakini Jumapili mniletee nyingine."

Agnesi aliachia kitenge akakimbilia ndani, na kutoka ndani tukasikia vigelegele. Mimi nililia, kaka, pale pale dukani mbele za watu, wala sikujali. Nikainama kumshukuru bibi. Akanishika mkono, na mkono wake una nguvu kuliko unavyodhani.

"Soda nimeimeza bila kumwona mwenye kiwanda," akaniambia. "Mume wa mjukuu wangu simmezi bila kumwona baba yake. Mwambie."

Ndiyo nimekuambia. Mzee Ntandu alikuwepo, akaitikia kwa kichwa. Nisalimie wifi yangu, mwambie dawa ya mguu wako asikuachie uitumie mwenyewe. Msalimie mdogo wetu aliyebaki kwenye shamba la baba, na yule mama mkubwa wa ng'ambo ya mto aliyewasimamia watoto wetu ubatizo. Wajukuu wako wote wabusu.

Severini hajui nimekuandikia haya. Yuko hapo uani anafua shati la Jumapili. Atapeleka chupa nyingine, ataifungua, na bibi atakunywa, halafu atamuuliza kama baba yake ameshapanda basi. Usimwache mwanao alijibu hilo swali peke yake.

Mdogo wako anayekupenda na kukusubiri stendi,
Gaudensia